Siti ya Mzee Deus

Kila asubuhi ya likizo, kazi ya kwanza ya Zuwena ilikuwa kufagia vipande vya sponji. Karakana ya baba yake, Shaban, ilikuwa kibanda cha bati mtaani Ng'ambo, mjini Tabora, na humo zilishonwa upya siti za bodaboda zilizochakaa. Vipande vilijaa chini ya cherehani, juu ya meza, hata ndani ya ndala za baba. Zuwena alivikusanya kwenye gunia, akachemsha chai, kisha akakaa kushona. Alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu tu, lakini mshono wake ulikuwa umenyooka, na baba yake hakuona haya kuwaambia wateja, "Huu ni wa binti yangu."

Alhamisi moja ya mwezi Juni, karibu na saa sita mchana, pikipiki ambayo mtaa mzima haukuwahi kuona mfano wake ilisimama mbele ya karakana. Ilikuwa nyekundu, ndefu na nzito, imekaa chini karibu na ardhi. Usukani wake ulikuwa mpana, umepinda kurudi nyuma, na aliyeiendesha alikuwa amenyoosha miguu mbele kama mtu aliye kwenye kiti cha uvivu. Alipovua kofia, watoto waliokuwa wamekusanyika walicheka kwa mshangao. Alikuwa mama mtu mzima, nywele zimeanza kuwa na mvi.

Nyuma yake alikaa mzee mwembamba. Huyo hakushuka.

"Nipe dakika moja, Advera," alisema taratibu. "Nyonga imekufa ganzi."

Shaban na Zuwena walimsaidia kushuka, mmoja kila upande, wakamketisha kwenye benchi.

"Shikamoo, babu. Shikamoo, bibi," Zuwena alisalimia.

"Marahaba, mjukuu wangu," walijibu kwa pamoja.

Bi Advera akaeleza shida yao. Alikuwa muuguzi, sasa amestaafu, na mzee yule, Deus, alikuwa mume wake. Walitoka Morogoro na walikuwa wanakwenda Kigoma.

"Tulikutana huko miaka thelathini na minane iliyopita," alisema. "Mimi muuguzi mgeni, yeye mgonjwa wa malaria, msumbufu kweli! Tangu alipoanguka na kupasuliwa nyonga, ananiambia kila siku, nipeleke nikalione ziwa tena. Kwenye basi hawezi kukunja miguu saa nyingi. Hii pikipiki ananyoosha miguu, na akichoka tunasimama tunapotaka. Lakini siti yake ya nyuma ni ngumu kama ubao. Tangu Singida amekuwa akiuma meno tu."

Mzee Deus alitabasamu. "Watu wa zamani waliipita njia hii kwa miguu, toka Bagamoyo mpaka Ujiji, na mizigo kichwani. Mimi nimebebwa, na bado nalalamika."

Shaban aliifungua siti, akaibonyeza kwa kiganja, akatikisa kichwa. Alimwita Zuwena karibu ili aone.

"Siti ya safari ndefu haijazwi kwa sponji laini tupu," alimweleza. "Laini peke yake ni tamu kuikalia mwanzoni tu. Baada ya saa moja imebonyea yote, mtu anakalia bati. Chini weka sponji ngumu, ipande kidogo nyuma ili ishike kiuno. Laini inakuja juu yake. Na sponji ngumu iwe kipande kimoja, isiungwe. Kiungo kitamchoma mtu mwenye nyonga mbovu."

Wageni walipata chumba katika nyumba ya wageni jirani, na kazi ikaanza. Ijumaa mchana siti ya mbele, ambayo Bi Advera aliomba nayo ishonwe upya, ilikuwa tayari. Ilibaki ya nyuma. Shaban alivaa kanzu aende msikitini kwa sala ya Ijumaa.

"Sponji ngumu imebaki kipande kimoja hiki," alimwambia Zuwena. "Kikate kwa kipimo nilichoandika. Nakuamini."

Mara tu baba alipoondoka, Anifa, rafiki wa Zuwena, alichungulia mlangoni, jezi ya netiboli mwilini.

"Zuwena, wewe tu ndiye tunayekusubiri! Timu ya mtaa wa Cheyo imeshafika uwanjani."

"Nakuja, nakuja."

Zuwena aliweka futi juu ya sponji, akachora mstari haraka, akakata. Alikipandisha kipande kwenye siti. Kilikuwa kifupi kwa upana wa vidole vinne. Nyuma kabisa, pale pale ambapo nyonga ya mzee ingeegemea, pamebaki pengo.

Alisimama akilitazama. Kisha akatia mkono ndani ya gunia la vipande, akatoa vya laini, akavipaka gundi na kuzibia pengo hilo. Juu yake akatandaza sponji laini, akavuta ngozi, akashona. Kwa nje siti ilipendeza kuliko zote alizowahi kushona. Akakimbilia uwanjani. Timu yao ilishinda, lakini yeye hakupiga hata kelele.

Jioni Mzee Deus alikuja kuijaribu. Alikaa, akayumba kidogo, akafumba macho.

"Nani kaifanya hii?"

"Binti yangu," Shaban alisema kwa fahari.

Mzee alimshika Zuwena mkono kwa mikono yake yote miwili. "Nilikuwa naiogopa hiyo kesho, mjukuu wangu. Sasa siiogopi."

Zuwena alitaka kusema. Badala yake aliinama kuokota uzi sakafuni. Baba yake alikuwa anamtazama kwa furaha mno.

Jumamosi saa mbili asubuhi pikipiki ile kubwa ilinguruma, ikakata kona kushika barabara ya Urambo. Mzee Deus aligeuka nyuma akapunga mkono. Zuwena alirudi ndani, akashika kikombe chake cha chai, akakiweka chini. Machozi yalianza kumtoka kabla hajafungua mdomo.

"Baba, ile sponji niliikata fupi. Nikaziba kwa vipande. Kwa nyuma."

Shaban aliinuka pale pale. Akachukua simu, akampigia Bi Advera mara tatu, lakini haikupokelewa. Nani angesikia simu ndani ya kofia na upepo? Akatia mkasi, gundi, sindano na uzi kwenye mfuko, akatoa pikipiki yake ndogo.

"Vaa kofia," alisema.

"Tunakwenda wapi, baba?"

"Kuwafuata. Na utasema mwenyewe."

Walishika barabara ile ile ya Urambo. Zuwena alimshika baba yake kiunoni, mashamba ya tumbaku yaliyokwisha kuvunwa yakipita pande zote mbili. Kila walipopanda kilima aliangalia mbele kutafuta pikipiki nyekundu, na kila mara barabara ilikuwa tupu.

Waliwakuta Usoke, kijiji cha njiani. Pikipiki ilikuwa imeegeshwa kando ya duka, na Mzee Deus alikuwa amelala kwenye baraza, juu ya kitenge, uso umekunjamana. Bi Advera alikuwa amepiga magoti anamkanda nyonga.

"Sijui imekuwaje," alisema alipowaona, sauti yake imechoka. "Mwanzo alikuwa anaimba. Kisha akaanza kunifinya bega. Namwambia turudi Morogoro, basi tena, Kigoma tutaisahau."

Zuwena alivua kofia. Alisogea mpaka karibu na kitenge, akapiga magoti.

"Babu, kosa ni langu. Nilikata sponji vibaya kwa sababu nilikuwa na haraka ya kwenda kucheza. Nikaficha ndani. Ulipokuja kuijaribu nilikuwa najua. Naomba unisamehe. Na wewe, bibi."

Bi Advera aliacha kukanda. Macho yake hayakuwa ya upole. "Unajua nyonga hii imepasuliwa mara mbili?" aliuliza.

"Sikujua, bibi."

"Ndiyo ujue sasa."

Mzee Deus alinyoosha mkono, akaugusa mkono wa mkewe. "Mtoto amekuja mpaka huku, Advera. Mwache baba yake aangalie siti."

Shaban alifumua mshono. Vile vipande vilikuwa vimebonyea kama mkate uliokaliwa, na ukingo wa sponji ngumu ulikuwa umesimama kama ngazi. Aliguna. "Kipande kingine sina. Hata mjini sikuacha."

Zuwena alitazama huku na huku, kisha akaitazama pikipiki yao.

"Baba, siti yetu ina sponji ngumu. Chukua ya upande wangu."

"Utakalia nini mpaka Tabora?"

"Gunia la hapo dukani."

Shaban alimpa mkasi. Safari hii Zuwena hakuharakisha. Alipima, akamwonyesha baba, ndipo akakata. Kipande kilienea chote, toka mbele hadi nyuma, bila kiungo. Walipomaliza kushona, Shaban alizungumza kwa sauti ya chini, asikike na binti yake tu.

"Kukata vibaya si aibu. Mimi mwenyewe nimeharibu sponji nyingi kuliko unazozijua. Aibu ni kufunika, kwa sababu anayekuja kukaa juu yake haoni ulichoweka. Anakaa kwa kukuamini tu. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, baba."

Mzee Deus alipumzika mpaka adhuhuri, akanywa maji na uji, kisha akapanda. Aliegemea nyuma, akayumba kidogo, wote wakimsubiri. Halafu akanyoosha miguu.

"Twende," alisema. Bi Advera alimpapasa Zuwena shavuni kabla ya kuvaa kofia yake.

Zuwena alirudi Tabora juu ya gunia lililokunjwa mara nne. Kila shimo la barabara lilimpanda mpaka kichwani, na hakulalamika hata mara moja.

Jumatatu simu ya Shaban iliita. Ilikuwa namba ya Bi Advera, lakini aliyeongea alikuwa mumewe, akaomba kuongea na Zuwena.

"Tumefika tangu jana, mjukuu wangu," alisema. Nyuma ya sauti yake watoto walikuwa wanapigiana kelele majini. "Tulisimama kila baada ya saa moja, bibi yako aliniamrisha. Nyonga iko salama. Hivi sasa nimetia miguu ziwani, na Advera ananicheka eti nimekuwa mtoto."

Zuwena alicheka pia, mara ya kwanza tangu Ijumaa.

"Sikiliza," mzee aliendelea. "Siti hii ikichakaa nitamtafuta fundi, na nitakutafuta wewe. Si kwamba nadhani hutakosea. Utakosea, kila mtu anakosea. Ila najua ukikosea utanifuata uniambie, na kwa fundi wa namna hiyo mimi nakaa bila hofu."