Mpangaji wa Juu ya Tangi

Kila asubuhi, kabla hajashika kichwa cha mteja yeyote, Mama Kitana aligonga kopo.

Lilikuwa kopo la rangi, tupu, lenye kutu mdomoni. Alilishika mkono wa kushoto, akaligonga kwa mpini wa kitana. Ko, ko, ko. Maji ya bwawa yalianza kuchemka. Samaki walikuja mbio kutoka kila upande, wakubwa kwa wadogo, midomo wazi. Mama Kitana aliwarushia pumba pale pale ukingoni, watu wapate kuona vizuri.

Maana watu hawakukosekana. Mama Kitana alikuwa msusi, na kibaraza chake kilijaa tangu asubuhi. Wengine walikuja kusuka. Wengine walikuja kusikiliza nani kaachwa na nani kaolewa. Kopo likilia, wote walihamia mlango wa nyuma.

"Mnaona?" aliwaambia. "Hawa nikiita mara moja wanakuja. Baba watoto namwita mpaka chakula kinapoa."

Walicheka. Kisha wakarudi kibarazani, mlango ukafungwa, kazi ikaanza.

Bwawa lile lilikuwa kati ya jiko na kamba ya nguo. Alilijenga mumewe. Yeye alikuwa mwashi, na mtaa mzima ulimwita hivyo, Mwashi. Alilisakafia kwa saruji, kingo zake akazilaza taratibu kama sahani. "Unaingia majini bila kuteleza," alijisifu. Walifuga perege wa kula nyumbani. Tangu bwawa lianze, watoto walikuwa wanapata kitoweo bila mama yao kubembeleza mtu sokoni. Mama Kitana alilisumbukia bwawa lile. Mume alitaka kujenga banda la kuwekea vifaa vyake. Mke alitaka samaki. Walinuniana mpaka Mwashi akachoka.

Na juu ya tangi la maji la jirani, kila asubuhi, alisimama korongo. Alikuwa mrefu, wa kijivu, shingo kaikunja kama mtu anayesikia baridi. Hakupiga kelele. Wateja walimzoea, wakampa jina: Mpangaji.

"Mpangaji wako leo kaamka mapema," mmoja alisema.

"Huyo hana neno," alijibu Mama Kitana. "Kodi halipi, lakini na chumvi haazimi."

Kisha samaki wakaanza kupungua.

Mwanzo alidhani ni macho yake tu. Kopo lililia, maji yakachemka kidogo tu. Siku nyingine yakatikisika tu. Mama Kitana akakasirika, na hasira ya Mama Kitana haikujua kukaa peke yake. Ilitafuta mtu.

Ilianza na paka wa wifi yake. Wifi huyo, dada wa Mwashi, aliishi nao na kumsaidia kusuka. Paka alifukuzwa kwa ufagio mpaka barabarani.

"Wifi, paka haogelei," dada wa Mwashi alilalamika.

"Huyo wako ananiangalia kama anayejua."

Baadaye wakalaumiwa watoto, kwamba wanavua kwa kamba za viatu. Watoto walilia, wakaapa. Samaki wakazidi kupungua.

Ndipo asubuhi moja Mama Kitana akaona samaki mmoja anaelea, kafa. Ubavuni alikuwa na kidonda chekundu. Akamwangalia, akaona amepata jibu.

"Ugonjwa," alisema. "Bi Mizani kaniuzia vifaranga vyenye ugonjwa."

Bi Mizani alifuga vifaranga vya samaki na kuviuza kwa wenye mabwawa. Alipewa jina lile kwa sababu hakuwahi kuonekana bila mizani yake. Mama Kitana hakwenda kumuuliza. Alikaa kibarazani, akashika kichwa cha mteja, akaanza. Alisema Bi Mizani ni muuaji wa mabwawa. Alisema maji yake yananuka. Mteja yule alipotoka na nywele zake nzuri, alitoka na habari pia. Hata mchana haujafika, sokoni walishajua.

Mwashi aliposikia, yeye naye akapandwa na hasira.

"Kama samaki wana ugonjwa, watoto hawali tena. Naleta kifusi. Nafukia hilo shimo."

"Hufukii."

"Nafukia. Nimechoka kununua pumba za kulisha maji."

Hakuwa anatania. Jioni ile ile mkokoteni ulimwaga lundo la kifusi mlangoni: mawe, matofali yaliyovunjika, vipande vya mabomba. Kesho yake akirudi kutoka kazini angeanza. Mama Kitana alilitazama lundo lile, akakosa usingizi.

Siku iliyofuata kibaraza kilikuwa kimejaa. Bi Mizani akaingia bila hodi. Hakukaa.

"Nani kasema nauza samaki wagonjwa?"

Wifi aliinamia rasta moja kana kwamba imeandikwa kitu.

"Mimi," alisema Mama Kitana.

"Afadhali una mdomo wa kukiri. Tangu jana watu wawili wamerudisha vifaranga vyangu. Nionyeshe huo ugonjwa."

Wakaenda nyuma, na kibaraza kizima kikawafuata. Mama Kitana alikuwa amemhifadhi yule samaki kwenye ndoo, awe ushahidi. Akamtoa kwa kishindo.

"Hiki si kidonda?"

"Ni kidonda. Mgeuze."

"Ya nini?"

"Mgeuze, bibi."

Akamgeuza. Upande wa pili kulikuwa na alama nyingine, mkabala na ile ya kwanza.

"Huku alama, huku alama," alisema Bi Mizani. "Huyu kabanwa, akaponyoka, akafa kwa jeraha. Ugonjwa haubani kama koleo. Na huu uchafu mweupe hapa ukingoni ni wa nani?"

"Hiyo chokaa ya mume wangu."

"Chokaa gani inanuka samaki?"

Mtu mmoja nyuma alicheka, kisha akajifanya anakohoa. Mama Kitana alihisi masikio yanamchoma.

Bi Mizani aliangalia huku na huku. Aliona kopo juu ya jiwe. "Na hilo?"

"Naitia samaki."

"Saa ngapi?"

"Asubuhi, kabla ya kazi. Kila siku."

"Hapa hapa ukingoni? Halafu mnaingia ndani?"

"Sasa nikae nao niwapigie hadithi?"

Bi Mizani alitazama juu ya tangi la jirani. Mchana ule hapakuwa na kitu juu yake. "Ligonge."

"Huu si muda wao wa kula."

"Ndiyo sababu nasema ligonge. Usitupe kitu. Kisha sote tuingie jikoni."

Mama Kitana aligonga kwa hasira. Ko, ko, ko. Wakaingia, mlango ukafungwa. Wanawake wote walijibana kwenye dirisha moja la jiko, wakipumuliana shingoni.

Samaki walikuwa hawajamaliza kukusanyika, kivuli kikapita juu ya nguo zilizoanikwa. Mpangaji alitua juu ya tangi. Aliangalia mlango. Ulikuwa umefungwa. Akashuka mpaka ukingoni, akaanza kuingia majini. Hakuruka, hakuharakisha. Alitembea juu ya ule mteremko wa saruji, mguu baada ya mguu, kama mtu anayeshuka ngazi za nyumba yake. Akasimama. Shingo ikanyooka. Mdomo ukapiga maji mara moja tu, na samaki akawa anapigapiga mkia hewani.

Dirishani wote walimgeukia Mama Kitana.

"Haya," alisema Bi Mizani. "Unayemwita na kopo ni nani?"

Mama Kitana alifungua mlango kwa teke, akatoka na ufagio. Mpangaji alipaa na samaki wake, bila wasiwasi. Mama Kitana alibaki ukingoni akihema. Hasira yote aliyokuwa amegawa, kwa paka, kwa watoto, kwa Bi Mizani, ilimrudia kama deni.

"Namuua," alisema. "Nina dawa ya panya. Naiweka ndani ya samaki mmoja, namwekea hapo."

"Weka. Mvua ikinyesha, sumu iingie bwawani. Paka aokote kipande, watoto wakishike. Na huyo akifa, wiki ijayo anakuja mwenzake. Ndege wa porini kuwaua ni kosa kisheria sehemu nyingi. Yeye si mwizi, Mama Kitana. Yeye anakula anapoitwa. Wewe acha kumwandalia meza."

Mwashi alirudi jioni na koleo begani, tayari kufukia. Alikuta mkewe amekaa juu ya lundo la kifusi, na Bi Mizani kando yake.

Alisimuliwa yote. Akatabasamu kwa uchungu. "Kwa hiyo kosa ni la kopo."

"La kopo," alisema Bi Mizani, "na lako."

"Langu?"

"Korongo haogelei kama bata. Anavua akiwa amesimama. Ukingo wako umelala, umemjengea ngazi. Ungekuwa umesimama wima, na maji yana kina tangu pembeni, angesimama wapi?"

Mwashi alichukia. Mtaa mzima ulisifia ukingo ule. Aliweka koleo chini, akasema mwanamke anayepima samaki asimfundishe mwashi kujenga. Bi Mizani akamjibu kwamba mwashi aliyemlisha ndege mwaka mzima asichague mwalimu. Walirushiana maneno mpaka wifi akaleta viti.

Mwishowe Mwashi alikwenda peke yake kutazama bwawa. Alikaa huko kidogo. Aliporudi alipiga teke jiwe moja la kifusi.

"Haya mawe yanatosha kuinua ukuta wima pande zote," alisema, kama anayemgombeza mtu. "Lakini samaki nitawaweka wapi?"

"Kwangu," alisema Bi Mizani. "Saruji mbichi inaunguza samaki. Ukimaliza, iache ikauke vizuri. Ujaze maji, uyamwage, ujaze tena, uyamwage. Fanya hivyo mara kadhaa ndipo uwarudishe. Kwanza utie wachache, uone kama wanakaa salama." Kisha akamgeukia Mama Kitana. "Hao wagonjwa wangu waje tu walale kwao."

Lilimchoma, lakini Mama Kitana alikwenda kutafuta ndoo.

Kifusi kilichokuja kufukia bwawa kikawa ukuta wake. Mwashi alivunja ukingo wake mzuri kwa mkono wake, akinuna. Chini ya maji aliweka vipande vya mabomba mapana na vyungu visivyo na kitako, samaki wapate pa kujificha. Kona moja waliweka majani yanayoelea, kwa kivuli. Bi Mizani alikataza yasifunike bwawa zima, samaki wasije wakakosa hewa.

Samaki waliporudi, Mama Kitana alitandika wavu juu ya maji, akalala kwa amani. Asubuhi alimkuta Mpangaji amesimama juu ya wavu wenyewe. Wavu ulikuwa umebonyea mpaka majini, na yeye anadonoa katikati ya matundu. Mama Kitana alirusha kandambili zote mbili, akaenda sokoni kwa Bi Mizani bila viatu.

Bi Mizani alipomsikia alicheka mpaka mizani ikayumba. "Wavu si shuka. Haulazwi. Simamisha nguzo, pitisha waya, uuvute ukaze kama ngozi ya ngoma, juu ya maji. Pembeni uushushe mpaka chini, uupigie vigingi. La sivyo, asipoweza kutua, atatembea apite chini yake. Na matundu yawe madogo, ndege asije akanasa mguu. Uukague kila siku."

"Na nikiweka mtu wa matambara, wa kutisha ndege?"

"Mweke, lakini umhamishehamishe. Akikaa mahali pamoja, Mpangaji atatua kichwani pake."

"Na kopo?"

"Kopo uliache. Walishe katikati ya bwawa, kidogo kidogo, saa zibadilike. Usiondoke mpaka wamalize."

Hilo ndilo lililomuuma Mama Kitana kuliko yote. Asubuhi za kwanza aliwalisha kimya kama mtu anayemvizia mdaiwa. Wateja walisema mlango wa nyuma umepoa. Aliwajibu kwamba waliokuja kutazama wakatazame kwao. Lakini alihesabu nyuso za samaki, na nyuso zilikuwa zinaongezeka. Vidonda viliisha. Watoto wakaanza kuulizana nani atakula mkia. Na Mwashi, bila kuambiwa, akawa anakaza waya kila jioni.

Lilibaki jambo moja. Bi Mizani alikuwa hajarudishiwa jina lake. Sokoni bado wapo waliopita mbali na vifaranga vyake.

Siku ya kuvua, Mama Kitana alimwita Bi Mizani kibarazani, upande wa barabara. Alichagua muda ambao watu ni wengi. Watu walikuwa wanaongea wote kwa pamoja. Hakuna aliyemsikiliza. Akaingia ndani, akatoka na kopo, akaligonga. Ko, ko, ko.

Wakanyamaza.

"Nilisema Bi Mizani anauza samaki wagonjwa," alisema kwa sauti ya kugomba, maana nyingine hakuwa nayo. "Nilisema hapa hapa, na nyinyi mkayabeba. Sikuuliza, sikuchunguza. Samaki wake ni wazima. Niliyekuwa nawamaliza ni mimi, na kopo hili. Mlivyoyapeleka yale mpaka sokoni, na haya yapelekeni."

Alimkabidhi Bi Mizani ndoo ya samaki wanene. Bi Mizani alimchukua mmoja, akamgeuza upande huu, akamgeuza upande ule.

"Hana alama," alisema.

"Hana."

Wakati huo kivuli kilipita juu ya vichwa vyao. Mpangaji alitua katikati ya barabara, mbele ya kibaraza. Alinyoosha shingo, akatazama kopo, akatazama vumbi, akatazama tena kopo.

Bi Mizani alirudisha samaki kwenye ndoo, akaifunika kwa mfuniko.

"Shahidi wangu huyo," alisema. "Naye kaitika."

Kibaraza kiliangua kicheko. Mama Kitana hakucheka. Alilibonyeza kopo kwa kisigino mpaka likawa bapa, akamwangalia ndege machoni.

"Wewe," alimwambia, "chumba kimejaa. Tafuta pengine."