Kizuizi cha Kijani

Mtu mdogo wa kijani aliruka shimo, akatua ukingoni, akafyatua risasi mbili.

Adui alianguka.

Ngazi. Jukwaa. Ngazi tena. Helikopta iliyochorwa kwa vidoti iliteremka ikimwaga moto. Akainama, akapita chini yake, akaingia skrini ya mwisho. Hapo palikuwa na kizuizi cha barabarani: mti umelazwa, askari amesimama, bunduki begani.

Akafyatua.

Askari hakutikisika. Akajibu kwa risasi moja tu, na mtu mdogo akatawanyika vipande.

"Unakufa tena, Papa Kabamba," alisema Mwanabibi kutoka mlangoni. "Ba-père ba ku misheni balikufundisha Kilatini. Kuruka, hapana."

Bertin Kabamba alibonyeza kitufe, akaanza upya. Alikuwa jasusi wa Idara ya Usalama, mtu wa shati lililopigwa pasi hata katika mwaka ule ambao serikali yenyewe ilikuwa imechanika. Bastola yake aina ya Browning ilikuwa chini ya koti. Kompyuta iliyokuwa mbele yake, Amstrad CPC 464, ilikamatwa katika lori la magendo. Askari waliolipekua lori hilo walicheka wakidhani ni kichezeo cha watoto. Dereva wa lori alikuwa sasa katika gereza la Buluo, akikataa kusema lolote.

Kabamba hakucheka.

Asubuhi ile alikuwa ameketi hapa hapa mtaani Kikula, katika phonie ya Mwanabibi, ile redio ambayo watu wa mji wa Likasi huitumia kuzungumza na ndugu zao wa mbali. Ghafla kipaza sauti kilitoa mlio mkali, wa kukwaruza, usioisha. Waliokuwa kwenye benchi waliziba masikio. Yeye alisimama akanasa mlio huo kwenye kaseti ya TDK, maana aliujua. Katika shule ya bweni, mapadri walikuwa na kompyuta iliyopokea michezo yake kutoka kaseti, na kaseti ile iliimba kwa sauti hiyo hiyo.

Aliiingiza kaseti kwenye Amstrad, na mtu mdogo wa kijani akatokea: Verlinck alikuwa akituma mchezo kwa njia ya hewa.

Mzungu huyo, fundi wa zamani wa kompyuta, aliongoza genge lililoing'oa Likasi kipande kwa kipande na kukivusha mpakani. Sasa Kabamba alielewa njia yake: kila siku ya kuvusha mali, Verlinck aliwarushia madereva wake mchezo mpya. Aliyeumaliza alionyeshwa mahali pa kukutania. Asiyejua siri yake alikufa mbele ya kizuizi.

Safari hii mali ilikuwa mota ya pampu ya maji ya Kikula.

Tangu iibwe, mtaa mzima ulikunywa maji ya mitaro. Karima, mdogo wake Mwanabibi, alikuwa hospitalini, sindano ya maji mkononi, macho yamezama. Mota ikivuka leo, haitarudi, na Karima hatakuwa wa mwisho.

Phonie ilikoroma.

"Kware, Kware, hapa Mlima. Unanipata? À toi."

Alikuwa mkuu wake, kutoka Lubumbashi; Kware lilikuwa jina la Kabamba hewani, na "à toi" ilimpa zamu ya kusema. Kabamba alishika maikrofoni. Kwenye phonie hakuna faragha. Benchi zima lilinyamaza ili lisikie vizuri.

"Nakupata, Mlima."

"Acha habari ya mota. Rudi leo. Agizo limetoka juu. À toi."

"Juu wapi?"

"Juu! À toi."

"Mlima, watu wanakufa huku."

"Ukibaki, huna kazi tena. À toi."

Kabamba alinyoosha mgongo kana kwamba mkuu alikuwa chumbani.

"Nimekuelewa, Mlima. Sitii. Terminé."

Akazima.

"Weee!" alisema mama mmoja wa benchini. "Anakatala mukubwa yake!"

"Akatale tu," mwenzake alijibu. "Ile mukubwa, robinet ya kwake inatoka mayi."

Kabamba alirudi kwenye skrini. Akaruka, akapiga, akafika, akafa.

Mwanabibi alivuta kiti, akaketi karibu yake.

"Papa, minye nikuulize. Weye unapitaka ku barrière namna gani?"

"Naonyesha kitambulisho. Nangoja."

"Unangoja sana?"

"Siku nzima, ikibidi."

Benchi lilipasuka kwa kicheko.

"Sikia, papa," alisema Mwanabibi, akifuta machozi ya kucheka. "Bantu ya hapa habapigake basoda masasi. Habangojake pia. Banabaachiaka kintu kidogo. Matabishi."

"Sijatoa matabishi maishani mwangu."

"Njo maana unakufa."

Kabamba akamwongoza mtu mdogo hadi mbele ya askari, akabonyeza mshale wa chini. Bunduki ikawekwa ardhini. Hesabu ya risasi ikashuka hadi sifuri.

Askari akainua mti.

Skrini ilijichora upya, mstari baada ya mstari: maji, gati la mbao, kanisa lisilo na paa.

Ziwa Tshangalele. Mahali hapo alipajua.

Umeme ulikatika. Haukuhitajika tena.

Pikipiki yake, Yamaha DT 125, ililamba vumbi. Alipofika juu ya ziwa, jua lilikuwa bado kali na lori lilikuwa halijaonekana. Chini, chelezo cha mapipa kilikuwa kimefungwa gatini. Njia ya kuteremka ilikuwa moja, ya mchanga, nyembamba.

Bunduki ngapi zingekuja ndani ya lori? Hakujua. Yeye alikuwa peke yake.

Aliokota upondo wa wavuvi, akaulaza juu ya mapipa mawili, kutoka ukingo hadi ukingo wa njia. Akasimama kando, mikono nyuma.

Lori la Mercedes lilitokea likinguruma, magunia ya muhogo juu. Dereva aliona mti umelala. Tangu Likasi alikuwa amepita vizuizi visivyo na idadi, na mguu wake haukungoja akili.

Akafunga breki.

Dirisha la upande wa pili lilishuka. Mkono mweupe ulitoka na pakiti ya sigara.

"Chef, tena barrière?" alisema Verlinck bila hata kutazama. "Kamata, unywe bière."

Pingu zilimkaba kifundo cha mkono. Mdomo wa Browning ulimgusa shavu.

"Sipokei," Kabamba alisema.

Mkono wa pili wa Verlinck ulirukia kisanduku cha dashibodi. Risasi moja ilikisambaratisha kioo cha pembeni. Mkono ukarudi taratibu.

"Papa, minye niko dereva tu!" alilia aliyeshika usukani.

"Basi endesha. Kikula."

Katika kizuizi cha kuingilia mji, askari mmoja alinyoosha kiganja. Kando ya kigoda chake palikuwa na jerikani tupu la maji.

"Ni mota ya maji," Kabamba alimwambia. "Huyu ndiye mwizi. Hupati kitu kwangu. Inua mti."

Askari alifunua gunia, akaitazama mota, kisha jerikani lake. Mti ukainuka.

Mafundi wa pampu walifanya kazi hadi kulipokucha. Verlinck alikuwa amefungwa pingu kwenye bomba kuu, mbele ya mlolongo wa ndoo na wanawake waliokuja nazo. Kabamba alitaka iwe hivyo. Mbele ya macho mengi namna ile, hakuna agizo la juu ambalo lingemtoa kimyakimya.

Bomba lilikohoa. Likatema kutu. Kisha maji yakaja, meupe, yenye nguvu, na Kikula nzima ikapiga vigelegele.

Mwanabibi alijipenyeza hadi alipokuwa Kabamba, ndoo kichwani, uso umelowa.

"Karima anafungua macho! Anaomba buji ya kunywa!" Akahema. "Na ule Mlima eko ku phonie. Anasema ile kazi yote njo yeye aliipanga. Anakupongeza. Anasema urudi, nafasi yako iko. Nimujibu nini?"

Kabamba alifunga kifungo cha juu cha shati.

"Zima redio, mama. Nenda kateke maji."

Akaushika mteremko kwa miguu, taratibu, na wanawake wenye ndoo waliokuwa wakikimbilia pampu walimpisha katikati ya njia.