Wali wa Bi Mwatum Bila Nailoni

Bi Mwatum wa mtaa wa Tibirinzi ni mpishi wa harusi. Kwa miaka ishirini hakuna mtu aliyekula wali wake akakuta punje mbichi. Sifa hiyo anaionea fahari, wala hajifichi. Ukimsifu atakujibu, "Najua," kisha ataendelea na kazi yake.

Siri yake ilikuwa nailoni, ile karatasi ya plastiki, na wapishi wenzake wote walimwiga. Wali ukishakauka maji, alitandaza nailoni nzito juu yake na kuichomeka pembeni. Halafu alifunika sufuria na kuupalia makaa juu ya funiko. Mvuke haukupata pa kutokea, na wali uliiva mpaka juu.

Asubuhi moja jirani yake Zuweina alikuja kumpa kazi. Zuweina ni mtaalamu wa maabara katika hospitali mjini Chake Chake. Mdogo wake, Nihal, alikuwa anaolewa, na wageni mia tatu walialikwa. Walisalimiana, wakaulizana hali za nyumbani, wakakubaliana juu ya mchele na nazi. Kisha Zuweina akasema ana ombi moja. Hakutaka nailoni kwenye sufuria.

Bi Mwatum alikuwa akichagua mchele. Mkono wake ulisimama juu ya ungo.

"Leo unanifundisha mie kupika?" aliuliza.

"Sithubutu, Bi Mwatum. Nakuomba tu unioneshe nailoni uliyopikia jana."

Nailoni ya jana ilikuwa imetupwa nyuma ya jiko. Zuweina aliisuuza na kuiinua juani. Ilikuwa imejikunja, nyembamba kama ganda la kitunguu, na ilikuwa na matundu. Akainua nailoni mpya kando yake. Ile haikuwa na tundu hata moja.

"Kilichotoka kwenye matundu haya kimekwenda wapi?" aliuliza.

Bi Mwatum alitazama. Miaka yote alikuwa akiyaona matundu yale na kuitupa nailoni bila kujiuliza kitu. Sasa alijiuliza, na jibu lilimchoma. Kimekwenda kwenye wali.

Zuweina alikaa kwenye mbuzi ya kukunia nazi, akaeleza taratibu. Matundu ni sehemu tunayoiona tu. Joto linaipukutisha plastiki chembe nyingine ndogo mno, ambazo jicho haliwezi kuziona. Tunazimeza pamoja na chakula. Nyingi hutoka chooni, lakini baadhi, zile ndogo zaidi, zinaweza kupenya na kuingia mwilini.

"Mwili wetu umejengwa kwa seli," alisema. "Ni ndogo sana. Tone moja la damu lina mamilioni. Baadhi ya seli hizo kazi yake ni ulinzi. Zikikuta kitu kigeni, zinakimeza na kukimeng'enya. Sasa weye ukitafuna wali ukakuta kijiwe, unafanyaje?"

"Nakitema."

"Seli ikimeza chembe ya plastiki, haiwezi kuimeng'enya, na mara nyingi haiwezi kuitema. Inabaki nayo ndani, inahangaika, inatoa ishara za hatari. Pahala pale panaweza kuvimba. Tumeona maabara kwamba chembe zikiwa nyingi, baadhi ya seli hufa."

Bi Mwatum aliweka ungo chini. Alikumbuka harusi zote, waja wazito na watoto aliowapakulia kwa mkono wake. Roho ilimuuma. Aliuliza kwa sauti ndogo kama amewadhuru watu wote wale.

Zuweina hakumdanganya wala hakumtisha. Alisema chembe hizo zimeonekana kwenye damu na kwenye kondo la nyuma la waja wazito. Madhara yake kamili kwa mtu bado yanachunguzwa, na hakuna awezaye kusema fulani aliugua kwa wali wa Bi Mwatum. Lakini kuzipunguza tunaweza leo hii. Plastiki na moto visikutane kwenye chakula. Chai ya moto isitiwe kwenye mfuko wa plastiki, wala mchuzi unaochemka usimiminwe kwenye bakuli la plastiki.

"Na wali ukitoka mbichi mbele ya watu mia tatu?" aliuliza Bi Mwatum.

"Hapo mjuzi ni weye," alisema Zuweina, akainuka kwenye mbuzi.

Jioni ile Bi Mwatum alijaribu nyumbani. Alikumbuka kwamba marehemu mama yake alifunika wali kwa jani la mgomba. Akakata jani, akalitandaza, akapalia makaa. Jani lilipasuka, mvuke ukatoka, na wali wa juu ukabaki mbichi. Mwenzake wa jikoni, Bi Asya, alitafuna kidogo, akacheka na kumshauri arudie nailoni, kwani hakuna atakayejua.

"Mie n'tajua," alisema Bi Mwatum.

Siku ya pili alikumbuka jambo alilolisahau. Mama yake alilipitisha jani juu ya moto kwanza. Kulibabua, ndivyo walivyoita. Bi Mwatum akatoa ule uti mgumu wa katikati, akalibabua jani mpaka likalainika. Akatandaza mawili, moja juu ya jingine, na kitambaa safi cha pamba kilicholoweshwa maji. Kisha funiko, kisha makaa. Safari hii Bi Asya alitafuna, akachota tena.

Siku ya harusi masufuria manne yalikuwa motoni. Bi Mwatum alizunguka kama mama anayesubiri majibu ya mtihani wa mwanawe. Wakati wa kupakua ulipofika, alifunua la kwanza mwenyewe. Mvuke ulipanda na harufu ya nazi na jani. Alichukua punje za juu kabisa, akazitafuna. Zilikuwa zimeiva.

Masinia yalitoka yamejaa, yakarudi matupu. Wageni waliotoka mbali, huko Makangale, walituma mtu kuuliza kwa nini wali unanukia hivi. Wapishi watatu walikuja jikoni kutaka kujua siri. Bi Mwatum hakuwaficha. Aliwaonesha namna ya kubabua jani na kuwaeleza habari ya seli na kijiwe.

Zuweina naye alikuja, sinia tupu mkononi.

"Wali umeiva, Bi Mwatum."

"Najua."

Kisha Bi Mwatum alichukua jani la chini, lililogusa wali, akalipangusa punje na kuliinua juani mbele ya wote. Lilikuwa limenyauka na kubadilika rangi. Tundu halikuwepo hata moja.