Swichi Chini ya Selotepu Nyeusi

Ieleweke kwa walimwengu wote, wenye mioyo na wenye mawe mahali pa mioyo, kwamba mapenzi ninayoyasimulia hapa yalishuka kutoka juu. Yalishuka kweli. Boksi refu lilimteleza begani mwanamke mmoja kwenye foleni ya vifurushi, likamtwanga sikio mwanamume aliyesimama nyuma yake, na miwani yake ikarukia chini ya benchi.

Mwanamke alikuwa mtengeneza meno bandia. Alitoka kazini moja kwa moja na koti lake jeupe, nywele amezifunga kwa kitambaa cha zambarau, vumbi la plasta limemtanda kwenye nyusi kama bibi harusi aliyepambwa na adui. Mwanamume alikuwa mchonga lenzi wa duka la miwani: shati limenyooka, viatu vinang'aa, na sasa anatambaa katikati ya miguu ya watu akipapasa sakafu.

Alipoipata miwani na kuivaa, kitu cha kwanza alichokiona sawasawa ni picha ubavuni mwa boksi: ndege ndogo nyeupe yenye pua nyekundu, ya kuongozwa kwa rimoti.

"Mtoto atafurahi," alisema.

"Mtoto gani?"

"Mwenye ndege."

"Mwenye ndege ni mimi. Na pole ya sikio, ila ulisimama karibu mno."

Mwanamume akacheka, akasema yeye mwenyewe anazo mbili, na kwamba kuna uwanja nyuma ya kiwanda cha matofali ambako wenye wazimu huo hukutana kila Jumamosi asubuhi. Mwanamke akamuuliza kama anafundisha au anajisifu tu. Akajibu kwamba anaweza vyote viwili kwa wakati mmoja.

Sasa, hasira iliyo njiani haieleweki bila jambo hili. Yule mwanamke alikuwa kitinda mimba wa nyumba yenye watu wengi wenye huruma. Meza ya kazi aliachiwa na baba yake. Chumba alitafutiwa na kaka yake. Mama yake alikuwa bado anampigia simu kumuuliza kama amekula. Kila alichokuwa nacho kilikuwa na mkono wa mtu umekishikilia kwa chini, asije akakiangusha. Ndege ile aliitaka kwa sababu moja tu: ikiwa hewani, hakuna anayeweza kuishikilia.

Basi Miwani, maana ndivyo mwanamke alivyombatiza, akaanza kumfundisha. Ndege yenyewe ilikuwa ya povu gumu, lile linalokinga televisheni ndani ya boksi, nyepesi kama ahadi ya mlevi. Alimwonyesha kuwasha rimoti kwanza na betri ya ndege baadaye, na wakati wa kuzima kinyume chake. Alimwonyesha kuisogeza betri mpaka ndege itulie juu ya vidole viwili bila kuinamisha pua wala mkia. Akamwonya kwamba ndege ikirudi kukuelekea, kushoto kwako ndiko kulia kwake, na hapo ndipo wanafunzi wote huzika ndege zao.

Yeye hakuzika. Wiki baada ya wiki ndege ilizunguka kama imetandikiwa reli. Miwani akamwita rubani, kisha rubani wangu, akamwambia ana mkono wa kuzaliwa nao. Wakawa wanapigiana simu saa ya chakula cha mchana, yeye akiwa na taya la mtu mkononi, wakiambiana maneno ambayo nimekatazwa kuyaandika. Akamtangazia mama yake kwamba anarusha ndege peke yake. Akawatangazia na wenzake wote kazini, na mmoja wao akaanza kumpigia saluti mlangoni.

Ikafika Jumamosi ya jua kali. Juu ya rimoti palikuwa na kipande cha selotepu nyeusi kilichofunika swichi ndogo. Siku ya kwanza Miwani alikibandika mwenyewe, akasema ni swichi ya taa na imekufa. Joto lilikuwa limekichubua pembeni. Watengeneza meno hawavumilii gundi iliyochafuka, kwa hiyo, ndege ikiwa hewani, akakibandua kwa kidole, na swichi ikateleza.

Ndege ikainama. Akavuta kama alivyozoea kuvuta. Ikazidi kuinama, ikalala chali, ikaja chini pua mbele, ikatoa sauti kama mtu aliyekalia sahani.

Akatazama rimoti. Pale selotepu ilipokuwa paliandikwa maneno mawili, moja kila upande wa swichi: *Mwanafunzi* na *Rubani*.

Dereva mmoja mstaafu, aliyekuwa akirusha ndege yake pembeni, akachungulia. "Kumbe siku zote ulikuwa kwenye Mwanafunzi? Hiyo hujinyoosha yenyewe, binti. Hata mbuzi angeirusha."

Uwanja ukacheka. Mwanamke akamgeukia Miwani, na sauti yake ilikuwa ya chini, jambo ambalo wanaomjua huliogopa.

"Ulijua."

"Nilitaka upate moyo kwanza. Ningekuambia."

"Lini?"

Miwani akafuta lenzi ambazo hazikuwa na uchafu.

"Uliniambia ni swichi ya taa."

"Mpenzi wangu..."

"Usiniite mpenzi mbele ya watu wanaonicheka. Mkono wa kuzaliwa nao. Umenipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, Miwani, kila wiki, na mimi nikawa nakugeuzia na shavu la pili."

Akaokota vipande, akavifunga ndani ya koti lake, akaondoka.

Simu zikafuata. Alipokea moja. Miwani akasema aliogopa ndege ingevunjika siku ya kwanza, naye asirudi tena uwanjani.

"Kwa hiyo uliogopa niondoke, ukanidanganya nibaki," alimjibu. "Hofu yako, mzigo wangu." Akakata.

Hasira hasara, walisema wahenga, ambao inaelekea hawakuwahi kufunikiwa swichi. Hasira ya huyu ilifanya kazi. Jaribio la kwanza la kuiunga pua alitumia gundi kali ya karakana yake, ile inayoshika jino kama deni la ukoo, na gundi ikalila povu mpaka likabaki tundu la kuingiza ngumi. Akaitukana gundi, kisha akamtukana Miwani, ambaye hakuwapo. Akachonga kiraka cha povu jipya, akakibandika kwa gundi nyeupe ya maseremala, akapitisha ndani njiti za kuchokolea meno kama mtu anayeunga mfupa. Asubuhi kabla ya kazi akawa anakwenda uwanjani peke yake, swichi kwenye Rubani.

Ikaanguka. Ikaanguka kichakani, mtaroni, na mara moja juu ya ng'ombe, ambaye hakushtuka. Mabawa yakawa na plasta nyingi kuliko wodi ya majeruhi. Mama yake alipopiga kumshauri aachane na michezo ya watoto, alimjibu kwa adabu kwamba amekula, ameshiba, na ana kazi. Hata asubuhi moja ndege ikaenda, ikageuka, ikarudi.

Akampigia Miwani. "Jumamosi uje. Mikono yako uitie mfukoni."

Miwani alikuja hajanyoa, na mguu mmoja wa miwani yake, yeye fundi wa miwani, umefungwa kwa waya. Mwanamke alikuwa na gauni la bluu na raba zenye matope. Hakumsalimia. Alimwonyesha swichi ikiwa kwenye Rubani, akaitupa ndege dhidi ya upepo.

Ilikwenda mbali, ikageuka, ikaanza kurudi kuwaelekea. Upepo ukaipiga na bawa moja likashuka. Kidole chake kikaanza kwenda upande usio wake, na mikono ya Miwani ikachomoka.

"Mfukoni," alisema bila kumtazama.

Ikarudi mfukoni. Akakisukuma kidole upande wa bawa lililoshuka, ndege ikanyooka, ikashuka, ikadunda, ikapoteza gurudumu na kulala kifudifudi.

"Pua imepasuka," alisema.

"Naona."

"Nimeipasua mwenyewe."

"Na kutua kwenyewe kulikuwa kubaya," Miwani akasema. "Kubaya sana. Gurudumu limekimbilia mtaroni."

Hapo ndipo alipomtazama, kwa sababu huo ulikuwa ukweli wa kwanza kuusikia kutoka kwake tangu selotepu ile.

"Ukiogopa tena utafanyaje?"

"Nitasema naogopa. Sasa hivi naogopa."

"Nini?"

"Kwamba umeniitia hiki tu."

"Nimekuitia hiki tu. Kama unataka kingine, omba. Usinipangie."

Akaomba. Aliomba ndoa, palepale, mikono bado mfukoni kwa kuwa hakuna aliyemruhusu kuitoa.

"Bado nina hasira," mwanamke akasema.

"Nitasubiri iishe."

"Haitaisha. Utanioa nayo."

Kisha machozi yakamtiririka, wakakumbatiana mpaka nyasi zikaona haya.

Nimekamatwa. Shangazi, ambaye ndiye rubani mwenyewe, amesoma hayo juu ya bega langu na kunipiga kofi la kisogo. Nakiri: hapakuwa na machozi wala kumbatio. Walishuka mtaroni kutafuta gurudumu, na muda wote huo alikuwa akimgombeza.