Peremende Kutoka Toronto

Gertrude alikuwa na wivu, wala hakuweza kuuficha. Alimwonea wivu Leena, jirani yao hapo Castle Vale, mtaa wa mji mmoja wa Kiingereza. Leena ni Mhindi mzaliwa wa Kisumu, na ni mfamasia katika duka la dawa. Kosa lake lilikuwa moja tu: Brigid, binti pekee wa Gertrude, alimpenda mno.

Brigid ana miaka kumi na tisa na yuko chuo. Mama akimuuliza habari, hujibu, "Fine, Mum," basi. Lakini mlangoni kwa Leena husimama nusu saa nzima.

Jumamosi moja mchana Gertrude alikuwa akipiga pasi sare yake. Anafanya kazi ya kuhudumia wazee, na zamu yake ilianza jioni. Kupitia dirishani alimwona Brigid akimpa Leena pakiti ndogo. Leena aliisoma, akamrudishia, akamshika bega.

Gertrude aliijua ile pakiti. Alfayo, mtoto wa kaka yake anayeishi Toronto, alikuja kwenye harusi ya ndugu yao wiki iliyopita, akamletea Brigid.

"Zawadi ya damu yangu," alinung'unika. "Jirani aonyeshwe, mimi nifichwe?"

Brigid aliporudi na kuingia kuoga, mama alitia mkono kwenye mfuko wa koti lake. Ndani ya pakiti mlikuwa na peremende laini, nyekundu. Alikula mbili kwa hasira. Alipoona ni za kawaida tu, akaongeza ya tatu.

Baada ya saa moja na nusu alishika funguo za gari aende kazini. Sakafu ilionekana iko mbali. Moyo ulimwenda mbio, mdomo ukakauka. Alikaa kwenye ngazi.

"Brigid, nakufa."

Brigid aliiona pakiti mezani, akabadilika uso. "Mum, umekula ngapi?"

"Tatu."

Brigid alitoka mbio kumwita Leena. Hata katika hali ile, Gertrude alichukia kusikia ni jina hilo linaloitwa.

Leena alimpima mapigo ya moyo, akampa maji, akachukua zile funguo.

"Mama Brigid, hufi. Hizi zina bangi. Leo huendeshi gari wala huendi kazini. Nitakaa nawe. Kifua kikiuma au ukizirai, tunapiga 999."

"Bangi? Mbona pakiti ina nembo ya duka?"

"Ni ya duka kweli. Kanada mtu mzima anauziwa kihalali. Lakini ruhusa ya kule haipandi ndege. Hapa kwa Waingereza, isipokuwa ile ya mgonjwa aliyeandikiwa na daktari bingwa, kuwa nayo ni kosa. Kuiingiza nchini ni kosa kubwa zaidi. Na kuuzwa dukani hakuifanyi isidhuru. Ya kula huchelewa, saa moja hadi mbili, hata zaidi. Mtu huona haimshiki, akaongeza. Kama wewe."

Gertrude akamgeukia binti yake. "Nawe umekula?"

"Kila jioni wiki hii. Sipati usingizi kwa sababu ya exams. Alfayo alisema zitanisaidia. Sasa mchana kichwa kizito, nasahau ninachosoma."

"Ubongo wa kijana bado unakua mpaka karibu miaka ishirini na mitano," Leena alisema. "Bangi ya kila siku inaweza kuharibu kumbukumbu na kuleta wasiwasi. Wengine huugua akili. Usingizi ukikataa, mwone daktari."

Gertrude alianza kulia. "Kwa nini ulimwambia yeye, si mimi?"

Leena ndiye aliyejibu. "Alikuja kuniuliza atakuambiaje. Nikamwambia akuonyeshe leo leo. Alikuwa anangoja umalize kupiga pasi."

Gertrude aliona aibu. "Ningekugombeza," alimwambia binti yake.

"Ndiyo, Mum."

"Sasa sina nguvu ya kugombeza. Niambie."

Brigid alikaa kwenye ngazi kando yake, akaeleza yote. Mama alisikiliza bila kumkatiza.

Jumatatu Leena alizipeleka peremende zilizobaki kwenye duka la dawa zikaharibiwe. Brigid alimwona daktari, na mama yake akamngoja nje. Alfayo alipigiwa simu, akaonywa. Baada ya wiki tatu Brigid alikuwa analala vizuri bila kutumia kitu chochote cha kumletea usingizi.

Mwezi uliofuata Leena aliuliza kutoka upande wa pili wa ua, "Brigid amefaulu mitihani?"

"Hajakuambia?"

"Bado." Leena alinuna kidogo.

Gertrude aliinama kama anayetafuta funguo, ili furaha isionekane usoni.

"Basi ngoja akuambie mwenyewe," alisema. "Mimi aliniambia tangu jana."