Kamanda Aliyerudi Mchezoni

Ilianza na vishindo vya miguu. Binti alikuwa mezani mbele ya kompyuta, mchana kweupe, hakuna mchezaji hata mmoja ndani ya mchezo, lakini kwenye spika mtu alikuwa akitembea polepole, anasimama, anatembea tena. Akajipa moyo kwamba ni hitilafu tu.

Mchezo huo wa kupigana risasi ulianzishwa na kaka yake, ambaye wachezaji wote walimwita Kamanda. Aliutoa bure kwa dunia nzima, msimbo wake, yale maandishi yanayouendesha, wazi, anayetaka achukue, anayeweza aongeze. Sharti lilikuwa moja: kisiingie kitu kabla mtu mwingine hajakisoma. Kamanda alipofariki, dada mtu akashika usukani. Juzijuzi ikaja nyongeza ndogo kutoka akaunti ya marehemu. Alipoliona lile jina, moyo ukamruka, akaipitisha bila kuisoma. Mapenzi hayo jamani, yana wazimu wake.

Sasa mchezoni kulikuwa na chumba ambacho hakuna aliyekichora, na ndani yake askari kasimama, uso kauelekeza ukutani. Mama alipopita na nguo za kuanika, sauti ya mwanawe ikamwita kutoka kwenye spika, ikauliza kwa nini wamemwacha peke yake.

Tangu hapo mama hakubanduka kwenye kile kiti. Hakula, hakuoga, hedifoni masikioni, anacheka na kunong'ona huku mwili ukimwisha, na nyumba ikaanza kunuka udongo mbichi, kwanza pale mezani, halafu kwenye mito, halafu kwenye maji ya kunywa, na kila binti alipozima kompyuta ilijiwasha, na kila ilipojiwasha askari alikuwa amegeuka kidogo zaidi, mpaka shavu likaonekana, na juu ya shavu hapakuwa na jicho.

"Anataka tuufunge mchezo," mama akanong'ona. "Tubaki naye sisi tu."

Hapo hofu ya binti ikageuka hasira. Kamanda aliyewafukuza matajiri waliotaka kuununua na kuufungia, leo aombe ufungwe? Akavuta kiti kingine, akaisoma ile nyongeza mstari kwa mstari. Haikuwa na msimbo wowote. Kila mstari ulikuwa jina la mama.

"Ulinifungulia mwenyewe," sauti ikasema, sasa haimwigi mtu.

"Nilikufungulia, na sasa ninakutoa. Hapa ni pa watu."

Ikarudi kuwa sauti ya kaka, inalia. "Mama, ananiua mara ya pili."

Mama akaudaka mkono wa binti, kucha zikazama. Binti akaogopa kweli: akiifuta nyongeza kwa nguvu, mama naye atamfuata huyo aliyemo. Kwa hiyo akangoja, kidole juu ya kitufe cha kufuta, hakurudi nyuma hata kidogo. Askari akamaliza kugeuka. Mama akautazama ule uso mtupu kwa muda mrefu.

"Mwanangu nilimzika," akauambia. "Wewe sikujui."

Akakikandamiza kidole cha binti mpaka kitufe kikazama. Spika zikapiga ukelele mmoja, zikanyamaza. Ndipo mama akaketi sakafuni, akalia kile kilio kilichomkataa siku ya maziko.