Jasho la Gamaliel

Alfajiri, kabla majogoo wa mtaa wa Bulengera hawajaanza kushindana, Sagesse alikuwa akiamshwa na sauti ya mdogo wake akinyonya. Nyu, nyu, nyu, halafu kimya. Kisha zikaja pumzi, fupifupi, kama za mtu aliyepanda kilima na ndoo kichwani. Nyu, nyu, tena, na kimya kingine, kirefu kuliko kile cha kwanza.

Walilala watatu kwenye godoro moja katika nyumba ya shangazi yake, Berthe. Mama yake, Rébecca, alinyonyesha huku amelala ubavu, macho yamefumba, maana mchana kutwa alikuwa amesimama sokoni na beseni la mihogo. Sagesse alinyoosha mkono gizani akagusa kichwa cha mtoto. Kilikuwa kimelowa kama kilichonyeshewa, na saa ile baridi ya Butembo ilikuwa ikiwauma wote vidole vya miguu.

Basi akafanya alichokuwa akifanya kila alfajiri. Alichukua pembe ya kikwembe, kitenge cha mama, akamfuta mtoto paji la uso, shingo na nyuma ya masikio, mpaka pakauka. Mama alipofumbua macho alimkuta Gamaliel mkavu, amelala.

"Ameshiba," mama alisema.

Sagesse alikirudisha kikwembe mahali pake. Alikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja, na alijua kwamba mtoto hakushiba, alichoka. Alijua pia, au alidhani anajua, nani aliyemchosha.

Ilianza siku waliyokimbia Mutwanga. Risasi zilisikika upande wa mashamba, na baba yake, Mathe, akampata dereva mmoja wa pikipiki, kijana aitwaye Nzanzu, aliyekubali kuwabeba mama na Sagesse kupitia Beni hadi Butembo. Mimba ya mama ilikuwa ya miezi minane. Mama alikuwa amekwisha kupanda, injini inanguruma, Sagesse alipokumbuka kuku wake. Kuku huyo alikuwa ameanza juzi tu kuatamia ndani ya kikapu jikoni. Aliruka, akakimbia ndani huku wanamwita, akayatoa mayai chini ya kuku na kuyafunga ndani ya shuka. Aliporudi, Nzanzu alikuwa amekasirika na baba ametoka jasho la hofu.

Kwa sababu walikuwa wamechelewa, Nzanzu alikimbiza pikipiki kama mtu aliyepokonywa akili. Barabara ilikuwa mashimo matupu. Kila waliporushwa, mama alikamata tumbo lake kwa mikono miwili na kuguna. Sagesse alikuwa nyuma yake, amekumbatia mayai.

Walifika salama, na baba akafuata baadaye. Mayai yakawekwa chini ya kuku wa shangazi, lakini hakuna hata moja lililoanguliwa. Yote yalikuwa viza. Sagesse alitumwa kuyatupa shimoni, na harufu ile ilimkaa puani siku nzima. Shangazi Berthe, aliyekuwa akisonga bukari, ugali wa muhogo, alisema bila kugeuka, "Ni ile barabara. Yai ukilitikisa, ya ndani inaharibika."

Maneno yale yaliingia ndani ya Sagesse na hayakutoka tena. Gamaliel alipozaliwa na kuanza kukonda badala ya kunenepa, Sagesse aliiona hesabu yote mwenyewe. Mayai yalitikiswa, yakaharibika. Mtoto naye alitikiswa. Na waliotikiswa walitikiswa kwa sababu yake.

Kama wasiwasi wake ulikuwa mdogo, watu wa nyumbani waliuongeza. Akina mama wa kanisa walikuja kumwombea mtoto, na baada ya amina walianza kuuliza. Rébecca aligombana na nani wakati wa mimba? Alikula nini? Alipita wapi? Shangazi Berthe alijibu kwamba lazima kuna kitu kilifanyika na kuna mtu anakijua. Alisema hivyo kwa huzuni, si kwa ubaya. Lakini Sagesse, aliyekuwa akiosha vikombe pale mlangoni, alihisi kila neno likimtafuta yeye. Ndiyo maana alifuta jasho. Wakiliona, wataanza kuuliza, na wakiuliza watafika kwenye mayai.

Siku ya kupima uzito, Sagesse alimsindikiza mama kituo cha afya. Muuguzi alimtundika Gamaliel kwenye mzani, akautazama mshale, akautazama tena. Hakupenda alichokiona. Aliuliza kama mtoto anatapika, kama anaharisha. Kisha akauliza kama anatoka jasho au anahema sana wakati wa kunyonya.

"Hapana," mama alijibu. "Hata siku moja. Kichwa chake ni kikavu siku zote."

Mama hakudanganya. Alisema kile alichokiona. Sagesse alisimama pale, kikwembe mkononi. Muuguzi akamwambia mama anyonyeshe mara nyingi zaidi na arudi baada ya majuma mawili. Njia nzima ya kurudi, mama alitembea akimwimbia mtoto, amefurahi kwamba hakuna ugonjwa mkubwa. Wimbo ule ulimuuma Sagesse kuliko kipigo.

Majuma mawili hayakufika. Jumamosi moja mchana Gamaliel alikataa ziwa. Mbavu zake ziliingia ndani kwa kila pumzi, na pua ilifunguka na kujifunga kama ya mwanasungura. Hakulia. Kama angelia wangeogopa kidogo tu, lakini alitazama dari kimya, na mama akaanza kuita jina lake bila kukoma. Shangazi Berthe alikimbia barabarani kusimamisha pikipiki. Mama alipanda ya kwanza na mtoto, shangazi na Sagesse wakafuata kwa ya pili.

Hospitalini walipokelewa na daktari kijana, mwanamke mwembamba aitwaye Virginie. Alimwekea mtoto hewa puani, akaweka kifaa chake cha kusikilizia juu ya kifua kile kidogo, akasikiliza kwa muda mrefu, akafumba macho.

"Imeanza lini?" aliuliza.

"Leo," mama alisema. "Jana alikuwa muzima."

"Sikieni vizuri. Ikiwa imeanza leo, ni mapafu, na nitatibu mapafu. Ikiwa imeanza zamani, ni moyo, na dawa ni tofauti. Nahitaji kujua."

Mama alirudia kwamba ni leo. Shangazi akaapa kwamba ni leo. Daktari akamgeukia muuguzi kutaka dawa ya mapafu. Sagesse alimwona mdogo wake anavyohema. Akafikiria yale mayai shimoni, akaona kwamba sasa kuna jambo linaloogopesha kuliko kugunduliwa.

"Si leo," alisema. "Ni tangu zamani. Akinyonya anachoka, anaacha, anahema. Kichwa kinalowa. Mimi ndiye nilikuwa namufuta."

Shangazi Berthe alifungua mdomo, lakini daktari Virginie aliinua mkono. Alimwuliza Sagesse maswali machache, upesi upesi, kama mtu anayemuuliza mtu mzima. Kisha akabadilisha dawa. Akaleta mashine yenye kioo, akapitisha kifaa chake juu ya kifua cha Gamaliel, na wote wakaona moyo wake ukicheza kwa rangi ya kijivu. Katikati, kwenye ukuta unaogawa vyumba vya moyo, palikuwa na tundu.

Jioni, mtoto alipoanza kupumua vizuri kidogo, daktari alirudi akaketi kwenye ukingo wa kitanda. Akamwuliza Sagesse kwa nini alikuwa akimfuta mtoto jasho. Hapo Sagesse alilia, na katika kulia akasema yote: risasi, kikapu, mayai, mashimo ya barabara.

"Donc, kwa hiyo, unafikiri tundu hili ni kwa sababu ya pikipiki?"

Sagesse akaitika kwa kichwa.

Daktari Virginie hakucheka. Alimweleza polepole kwamba mtoto, mwanzoni kabisa tumboni, hana moyo wala damu. Ni kitone kidogo cha seli, chembe ndogo zisizoonekana kwa macho, na zote zimefanana. Kila moja inaweza kuwa kitu chochote, ndiyo maana wataalamu huziita seli shina. Shangazi Berthe aliuliza zinajuaje basi kazi zao. Daktari akasema hupashana habari na jirani zao, kidogo kidogo, na kwa habari hizo nyingine hugeuka damu, nyingine hugeuka misuli ya moyo. Huko mbali kuna watu wanaozilea seli za namna hiyo ndani ya visahani, na zikikua kuwa za moyo, huanza kudunda zenyewe pamoja. Lakini moyo mzima wa kumpa mtoto hawajaweza kuutengeneza.

"Moyo huanza kama murija," alisema. "Unadunda tayari, mama hajajua hata kama ana mimba. Kisha murija unajikunja, na ukuta unaota katikati. Kazi hiyo inaisha ndani ya miezi miwili ya kwanza. Kwa huyu mutoto ukuta haukufunga vizuri. Ninyi mulipanda pikipiki mimba ikiwa ya miezi minane. Tundu lilikuwa pale tangu zamani."

"Na mayai?" Sagesse aliuliza.

"Mayai yako kuku alikuwa ameyalalia siku ngapi?"

"Ilikuwa tangu juzi tu."

"Basi ndani mioyo ilikuwa ndiyo inaanza kabisa, ukaitoa kwenye joto. Yalipata baridi, yakarushwarushwa. Lakini mudogo wako hakuwa yai la juzi. Alikuwa karibu kuzaliwa, na tumbo la mama yako lilimulinda."

Sagesse aliogopa kumtazama mama yake. Mama alichukua pembe ya kikwembe, ile ile, akamfuta binti yake machozi, mashavu na kidevu, polepole, mpaka pakauka.

"Hukumuharibu," daktari aliendelea, na sauti yake ikawa nzito. "Hakuna aliyemuharibu, si wewe, si mama yako, si barabara. Mais, lakini, kuficha jasho, hapo ulikosea, na sitakuambia uongo. Kama kituo cha afya wangejua, angepata dawa mapema, asingefika hapa namna hii. Mutoto mudogo hana maneno. Jasho lile ndilo lilikuwa neno lake, na wewe ulilifuta." Kisha akamtazama shangazi Berthe. "Na ninyi wakubwa, mukiendelea kutafuta nani wa kulaumiwa, batoto watawaficha mambo. Muulize kwanza mugonjwa anaumwa nini."

Shangazi Berthe alitazama viganja vyake. Akasema kwa sauti ndogo kwamba amesikia.

Gamaliel alikaa hospitalini mpaka alipoweza kunyonya bila hewa ya bomba. Daktari hakuahidi mengi. Tundu lingine hujifunga mtoto anapokua, lingine huhitaji kupasuliwa, na wapasuaji wa moyo hawapatikani Butembo. Wataendelea kumpima. Dawa asikose hata siku moja, anyonye kidogo kidogo, na jasho likianza wampumzishe kwanza. Baba alipiga simu kutoka Mutwanga, alikorudi kuvuna kakao kwa sababu kakao haisubiri vita iishe. Mama alimweleza kila kitu, mpaka habari ya mayai. Sagesse alisikia baba akiomba azungumze naye. Alimwuliza tu kama yule kuku mwingine, wa shangazi, bado anataga.

Jioni moja, siku chache baada ya kurudi nyumbani, taa ilikuwa bado haijawashwa. Shangazi alikuwa nje akitwanga sombe, majani ya mihogo. Mama alikuwa ameketi kwenye godoro, mgongo ukutani, mtoto kifuani, na uchovu wa soko ulikuwa umemshika akasinzia. Nyu, nyu, nyu, halafu kimya. Sagesse alinyoosha mkono. Paji la uso la mdogo wake lilikuwa limelowa. Mkono wake, kwa mazoea, ulikwenda kwenye pembe ya kikwembe, ukaishika, kisha ukaiachia.

"Mama, amka, Gamaliel anatoka jasho."